Njia ya Pwani kutoka Mji Mkongwe hadi Bububu: Kasri, Reli na Baiskeli

Barabara inayotoka Mji Mkongwe wa Zanzibar kwenda Bububu, ikifuata ufuo wa magharibi wa kisiwa cha Unguja, ina urefu wa kilomita kumi hivi, na mtu mwenye baiskeli ya kawaida isiyo na gia huweza kuimaliza chini ya saa moja bila kutokwa na jasho jingi. Wageni huelezwa kwamba ni safari nyepesi yenye mandhari nzuri ya bahari, na maelezo hayo ni ya kweli kwa kiasi chake, ingawa yanaacha nje jambo la msingi, nalo ni kwamba wepesi wa njia hiyo haukutokana na maumbile peke yake. Kwa muda wa karne mbili watawala, watumwa, mafundi wa mabomba ya maji, wawekezaji wa Kimarekani na wachuuzi wa samaki wameipitia, wameisawazisha na kuitengeneza upya, kila kundi kwa haja zake, na baiskeli ilipofika ilikuta kazi kubwa imekwishafanywa na wengine.

Maumbile yenyewe, hata hivyo, yalitoa mwanzo mwema. Upande wa magharibi wa Unguja unaitazama bara, na bahari iliyo kati ya kisiwa na bara ina kina cha wastani na mawimbi madogo kuliko yale yanayopiga miamba ya mashariki, hata majahazi yaliweza kutia nanga karibu na nchi kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyuma ya ufuo huo, kwa upande wa ndani ya kisiwa, kuna mgongo wa ardhi wenye msitu wa Masingini, na chini yake hutoka chemchemi na vijito vinavyoshuka kuelekea baharini. Kati ya mgongo huo na pwani umebaki ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, wenye rutuba, maji matamu na upepo, na ni katika ukanda huo ndimo yalimojengwa karibu majumba yote ya kifalme ya shamba, yaani majumba ya mapumziko yaliyokuwa nje ya mji.

La kale kuliko yote ni kasri la Mtoni, lililoitwa hivyo kwa sababu ya kijito kinachoingia baharini mahali hapo. Sayyid Said bin Sultan, aliyeitawala Oman na Zanzibar tangu 1806 hadi kufa kwake mwaka 1856, alilifanya kuwa makazi yake makuu alipoanza kuhamishia shughuli zake kisiwani, na bintiye Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, aliacha maelezo marefu ya maisha ya huko katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 akiwa tayari anaitwa Emily Ruete. Kwa mujibu wa maelezo yake, baba yake alikaa Mtoni siku nne za kila juma na siku zilizobaki alikaa katika kasri la mjini. Uani walifugwa tausi, mbuni na paa, na karibu na maji palikuwa na ukumbi wa mbao wa mviringo, wenye paa la umbo la hema, ulioitwa benjile, ambamo Sayyid Said alikaa akiitazama bahari kwa darubini ili ajue ni chombo gani kinakuja. Picha hiyo ina umuhimu wake kwa historia ya barabara, maana mtu mwenye nguvu kuliko wote kisiwani aliigeuzia njia ya nchi kavu kisogo. Uso wa nyumba ulikuwa baharini, habari zilitoka baharini, na watu wa kasri walipotaka kwenda mjini walipanda mashua, na wasipopanda mashua walipanda farasi au punda weupe wa Maskati ambao kimo na mwendo wao vilikuwa fahari ya watu wenye cheo.

Waliotembea kwa miguu katika ukanda huo walikuwa wengine. Mikarafuu ilioteshwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Mtoni pamoja na Kizimbani ni miongoni mwa mahali pa kwanza palipopandwa zao hilo, ambalo katika muda wa miongo michache liliwaingiza watumwa wengi mno katika mashamba ya kisiwa. Karafuu zilichumwa ndani, kwenye miinuko, zikaanikwa kwenye majamvi, kisha zikachukuliwa vichwani kuteremshwa pwani. Kwa hiyo vijia vya kwanza vya eneo hili havikwenda sambamba na bahari kama barabara ya leo inavyokwenda, bali viliteremka kutoka mashambani hadi ufukweni, ambako mzigo ulipokelewa na vyombo, na njia ndefu ya pwani iliyoviunganisha vijia hivyo ilikuwa ya watu wasio na mashua wala punda. Hali ya namna hiyo ilidumu muda mrefu na katika pande zote za kisiwa. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyezaliwa Fumba, kusini mwa mji, kabla ya kupata sifa alikuwa akienda mjini kwa miguu kuuza vyungu alivyofinyanga mama yake, na hiyo ilikuwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Baada ya Mtoni yalifuata majumba mengine kuelekea kaskazini. Mwaka 1847 Sayyid Said alianza kujenga Beit el Ras, jumba lililokusudiwa watoto wake, lakini alifariki melini mwaka 1856 akirejea kutoka Oman, kabla halijakamilika, na ujenzi ukaishia hapo. Kule Kidichi, kwenye mwinuko ulio ndani kidogo kutoka Bububu, alijenga mwaka 1850 hamamu, yaani nyumba ya kuogea yenye mvuke, kwa ajili ya mkewe Shehrzade aliyekuwa mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi, na mapambo ya maua na ndege yaliyochongwa kwenye chokaa ya kuta zake bado yanaonekana, ingawa unyevunyevu umeyala. Bububu yenyewe iliingia katika siasa mwaka 1859, pale Barghash bin Said alipojaribu kumpindua ndugu yake, Sultani Majid, akashindwa. Salme, aliyekuwa upande wa Barghash na kumwandikia barua zake, alijitenga baadaye na fitina za mjini akaenda kuishi katika nyumba ya pwani huko Bububu, na miaka michache baadaye, mwaka 1866, aliondoka kisiwani kwa manowari ya Kiingereza akielekea Aden na kisha Ujerumani.

Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay kwa ajili ya jaribio lake, akaona huko mji wenye mabomba, taa na reli, na alipokuja kushika usultani mwaka 1870 alikuwa na mawazo ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Utawala wake ulianza vibaya, kwa kuwa mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo vilivyokuwa bandarini, na tangu wakati huo Pemba, ambayo iliguswa kidogo tu, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Hilo halikumzuia Barghash kujenga. Alijenga kasri la Chuini, mbele ya Bububu. Akaleta maji ya chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini kwa mfereji na mabomba, ili wakazi wayapate bila malipo. Na kati ya 1880 na 1882 akajenga kasri la Maruhubi, kama kilomita nne kutoka mjini. Kazi ya maji haitajwi sana katika maelezo wanayopewa watalii, ambao husimuliwa zaidi habari za masuria 99 wanaosemekana kukaa Maruhubi, idadi iliyo nzuri kwa masimulizi kuliko kwa historia. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kwa nini ukanda huu uliendelea kufunguka, bomba lina uzito kuliko nyumba ya masuria, kwa sababu maji yaliyotoka Bububu kwenda mjini yalihitaji kuangaliwa na kutengenezwa mara kwa mara, na kasri zaidi ya moja zilizopangana ufuoni zilihitaji kufikiwa kwa gari la farasi, wala si kwa mashua peke yake.

Maruhubi yenyewe yafaa itazamwe kwa karibu, kwa kuwa namna ilivyojengwa ndiyo inayoeleza namna ilivyoharibika. Ghorofa ya chini ilikuwa ya mawe na chokaa, na mbele yake palikuwa na safu za nguzo nene za mviringo zilizojengwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe na kupigwa lipu, nguzo ambazo kazi yake ilikuwa kubeba roshani pana ya mbao iliyoizunguka ghorofa ya juu. Moto ulipowaka mwaka 1899 mbao zote ziliteketea, na mawe yakabaki. Leo nguzo hizo zimesimama katika mistari yake chini ya minazi bila kubeba kitu chochote, lipu imebanduka na matumbawe yanaonekana, huku hamamu za kando zikiwa zimehifadhi kuba zake zenye matundu ya kuingizia mwanga. Ufukoni mbele ya magofu, mafundi wa vyombo hukalafati mashua, yaani huziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyopakwa mafuta, kazi ambayo imeishi muda mrefu kuliko usultani.

Mabadiliko makubwa zaidi ya njia hii yaliletwa na reli. Barghash alikuwa amekwisha kujenga reli fupi ya kuelekea kasri lake la Chukwani, kusini mwa mji, mwanzoni mwa miaka ya 1880, lakini hiyo ilikuwa ya matumizi ya kifalme na haikudumu. Reli ya Bububu ilikuwa jambo jingine. Ilijengwa mwaka 1904 na 1905 na kampuni ya Arnold Cheney ya New York, kampuni hiyohiyo iliyoleta taa za umeme mjini, wakati ambapo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, mpango ulioanza 1890 na uliomwacha Sultani kitini huku mamlaka yenyewe yakiwa kwa Waingereza. Njia yake ilikuwa na urefu wa maili saba, sawa na kilomita 11 hivi, na upana wa inchi 36 kati ya pau zake, yaani reli nyembamba iliyofaa kwa mizigo myepesi na mwendo mdogo. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mjini hadi Malindi, ikavuka hori lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, kisha ikafuata pwani hadi Bububu.

Picha zilizopigwa wakati ule zinaonyesha gari la moshi likipita katika kichochoro chembamba kati ya nyumba za mji, likiwa karibu sana na milango kiasi kwamba mtu aliyetoka nje bila kutazama angekutana nalo uso kwa uso. Wapandaji walikuwa wakulima wenye vikapu vya matunda na muhogo, wafanyakazi wa mjini waliokaa shamba, na watu waliokwenda kupunga upepo siku za mapumziko. Meli za abiria zilipotia nanga bandarini, abiria wazungu waliokuwa na saa chache tu za kukaa waliweza kuandaliwa gari maalumu la kuwapeleka Bububu na kuwarudisha, wakapita katikati ya minazi na mikarafuu bila kutembea hatua nyingi. Matembezi ya starehe kando ya pwani hii, yaliyouzwa kwa tikiti kwa mgeni wa siku moja, yana umri wa zaidi ya miaka mia moja, na wakala wa leo anayeyatangaza kama jambo jipya amechelewa sana.

Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911. Miaka kumi na moja baadaye, 1922, ilisimamisha uchukuzi wa abiria, kwa kuwa barabara ilikuwa imetengenezwa vizuri na magari ya mafuta yalikuwa yameanza kuwachukua watu kwa wepesi zaidi, na kwa muda uliobaki wa miaka ya 1920 reli ikatumika kuvuta mawe ya ujenzi wa bandari mpya ya Malindi, kisha pau zikang'olewa. Ni vigumu kuiita biashara iliyofaulu. Hata hivyo iliacha kitu ambacho majumba hayakukiacha. Gari la moshi dogo haliwezi kupanda kilima kikali wala kukata kona kali, na kwa sababu hiyo njia ya Bububu ilizoeleka kuwa njia iliyonyooka na isiyo na miinuko, na watu wakazoea kuiona safari ya Bububu kuwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Baiskeli ilikuwa ikikua Ulaya katika miaka hiyohiyo. Ile yenye magurudumu mawili yaliyolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ambayo ndiyo mama wa baiskeli zote za leo, ilitolewa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885, na tairi la kujazwa upepo lilipatikana mwaka 1888 kwa kazi ya John Boyd Dunlop. Katika Afrika Mashariki baiskeli ilionekana mwishoni mwa karne ya 19, kwanza mikononi mwa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara, baadaye mikononi mwa makarani na walimu, na mwisho kwa wakulima na wavuvi, kadiri bei yake ilivyokaribiana na mapato yao. Faida yake kwa mtu wa shamba ilikuwa dhahiri: haili majani kama punda, haihitaji mafuta kama gari, huingia uchochoroni, na katika nchi tambarare humwezesha mtu mmoja kubeba mzigo ambao kichwani ungehitaji watu wawili.

Katika njia ya Bububu mzigo huo ulikuwa, na kwa sehemu bado ni, samaki, madafu, mikate, kuni na majani ya ng'ombe. Baiskeli ya mchuuzi wa samaki hutambulika kwa mbali. Nyuma, juu ya keria iliyoongezwa nguvu kwa nondo, hufungwa tenga la ukili au kreti la plastiki kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Juu ya samaki hutandikwa gunia lililoloweshwa ili jua lisiwaharibu. Na kengele hupigwa mfululizo kila anapoingia mtaani, kwa kuwa samaki hawangoji. Mchuuzi wa namna hiyo hununua mnadani ufukoni vyombo vinaporudi, huenda Soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, au huzunguka vijijini, na faida yake yote hutegemea miguu yake kulishinda jua. Nyuma ya kila mchuuzi yupo fundi baiskeli, mwenye kibanda chini ya mwembe, karai la maji la kutafutia tundu la tyubu, chupa ya solusheni ya kubandikia viraka, na lundo la spoku na minyororo iliyotolewa katika baiskeli zilizokufa ili kuzifufua nyingine.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliibadilisha milki ya ukanda wote. Mashamba yalitaifishwa, na wakulima wengi wakagawiwa viwanja vya eka tatu, mpango ambao wazee wa Unguja huutaja kwa jina hilohilo la eka tatu. Majumba yaliyokuwa mazima yalipewa kazi za serikali: kasri la Kibweni la Sultani Khalifa bin Harub likawa ikulu ndogo, Beit el Ras, ambapo palikuwa na chuo cha ualimu tangu enzi za Waingereza, paliendelea kuwa mahali pa elimu kwa jina la Nkrumah, na nyumba ya Kinazini aliyokaa David Livingstone mwaka 1866, akijiandaa kwa safari yake ya mwisho ya bara, ikaja kuwa ofisi za utalii. Baiskeli za Kiingereza zilipungua, zikafuatwa na Phoenix za China, na pia na Swala zilizotengenezwa Tanzania Bara, ambazo uzito wake ulilalamikiwa na kila mtu na kusifiwa na kila aliyepakia gunia la mkaa.

Kilichopotea katika kipindi hicho ni mandhari. Mtu anayekwenda Bububu kutoka mjini hupita upande wa kushoto wa barabara, kwa kuwa Zanzibar hufuata kanuni ya kushoto, na kushoto ndiko iliko bahari, kwa hiyo ingetarajiwa aitazame maji njia nzima bila gari kumkinga. Kwa kweli bahari huonekana kwa vipande tu. Mahali pengi imezibwa na kuta za ofisi, matangi ya mafuta ya Mtoni yaliyo karibu kabisa na magofu ya kasri, kambi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, huko Kibweni, hoteli na nyumba za watu. Pwani ambayo zamani ilifungwa na kuta za masultani imefungwa tena na wamiliki wengine, na katika hilo karne mbili hazikuleta tofauti kubwa kwa mpita njia. Barabara nayo imekuwa ya daladala za namba 502, malori ya mchanga na pikipiki, na mwenye baiskeli, awe mtalii aliyekodi katika mtaa wa Shangani mjini au mchuuzi mwenye tenga, husukumwa kwenye vumbi la pembeni.

Kwa msomaji anayekusudia kuipitia njia hii, lililo la maana si kufika Bububu bali ni kukata kushoto, kwanza Maruhubi na kisha Mtoni, kwa sababu kutoka barabarani hakuna kimojawapo kinachoonekana ipasavyo, na atakayefuata lami moja kwa moja atarudi akiwa ameona kuta tu. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri, masika yakiwa yamekwisha na jua halijawa kali. Lakini wakati huo huvuma kusi, upepo wa kutoka kusini, unaomsukuma mtu wakati wa kwenda na kumkabili usoni wakati wa kurudi, na ambaye atakuwa amepanda mwinuko wa Kidichi kuiona hamamu ya Shehrzade ajiwekee nguvu za kutosha kwa ajili ya kilomita za mwisho.